Nani Anasubiri Maandishi Yako?

Hebu nianze na swali la kichokozi. Tangu umalize masomo, ni lini mara ya mwisho uliandika kurasa 2 mfululizo zinazoeleweka? Sizungumzii ujumbe wa WhatsApp, wala barua pepe ya "tafadhali tazama kiambatisho". Nazungumzia maandishi yenye kichwa na miguu: unaanza na hoja, unaitetea, unafika mwisho, na msomaji anaondoka na kitu mkononi.

Nimewauliza swali hili watu kadhaa niliosoma nao, wengi wao watunga programu kama mimi. Jibu ni lile lile: "Ripoti ya mradi wa mwaka wa nne." Kisha huja udhuru. Muda hakuna, bwana. Kazi imebana. Mimi sikuzaliwa mwandishi. Nitaanza mambo yakitulia.

Mambo hayatulii, ndugu yangu. Na niseme wazi kwamba siamini udhuru huu hata mmoja. Maoni yangu ni haya: hatukuacha kuandika kwa kukosa muda wala kipaji. Tuliacha kwa sababu siku tuliyovua joho la mahafali tulipoteza vitu 2 ambavyo shule ilikuwa ikitupa bure, yaani tarehe ya mwisho na mtu anayesubiri kusoma. Anayetaka kurudia mazoea ya kuandika asihangaike kutafuta hamasa. Atafute vitu hivyo 2.

Tazama jinsi tulivyofunzwa. Mtoto wa 8-4-4 aliyefanya KCPE (mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023) alipewa dakika 40 aandike insha ya Kiswahili. Dakika 40 tu, na aliandika. Alipofika kidato cha nne akakutana na Karatasi ya Kwanza: insha 2 kwa saa 1 na dakika 45, ya kwanza ikiwa ya lazima, mara nyingi barua, hotuba, ripoti au kumbukumbu za mkutano. Hapo hakuna aliyeuliza kama mtahiniwa ana hamasa. Kengele ililia, kalamu ikatembea, msimamizi akakusanya karatasi.

Chuoni vile vile. Mwaka wa nne ndio mwaka wenye shughuli kuliko yote: masomo, mitihani, kutafuta kazi, na mradi wenyewe ambao programu yake hukataa kufanya kazi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Lakini ni mwaka huo huo mwanafunzi huandika sura 5 nzima, kuanzia utangulizi hadi hitimisho, akazipeleka zikafungwe kwa jalada gumu. Muda aliutoa wapi? Hakuwa nao. Alikuwa na tarehe, na alikuwa na msimamizi ambaye angeuliza.

Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba hana muda, namwelewa lakini simkubalii. Kinachokosekana ni kengele.

Sasa utasema: kwani lazima? Nililipwa nitunge programu, sikulipwa niandike insha. Hoja nzuri. Nijibu kwa mfano.

Katika kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi (sitaitaja) kulikuwa na programu ya kupokea malipo kwa simu. Ndani ya msimbo wake mlikuwa na mstari mmoja ulioiamuru programu isubiri sekunde 90 kabla ya kutangaza kwamba malipo yameshindikana. Aliyeuandika alikuwa ameshahamia nchi nyingine. Hakukuwa na maelezo yoyote, si juu ya mstari, si katika ujumbe unaoambatana na badiliko, si popote. Mwenzetu mmoja akaja, akaona sekunde 90 ni nyingi mno, akaweka 10. Kwa macho yake alikuwa anaboresha. Wiki hiyo hiyo wateja wakaanza kulia kwamba wamelipishwa mara 2. Kumbe uthibitisho wa malipo wakati mwingine ulichelewa kufika. Programu ikikata tamaa mapema, ilimwambia mteja ajaribu tena, ilhali pesa zake za kwanza zilikuwa tayari njiani.

Ilibidi tumpigie simu yule jamaa aliyeondoka. Alitueleza kwa sentensi 1. Sentensi moja tu! Ingeandikwa juu ya ule mstari, watu wasingekesha na wateja wasingekasirika.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kuandika ni pambo la watu wa fasihi. Msimbo unaeleza kompyuta ifanye nini. Hauelezi kwa nini ulichagua njia hii ukaacha ile, ulijaribu nini kikashindikana, unaogopa nini. Mambo hayo yanaishi katika kichwa cha mtu, na mtu huhama, husahau, hufa. Asiyekuwa na mazoea ya kuandika huondoka na nusu ya kazi yake kichwani, na wanaobaki wanalipa.

Waliotutangulia katika fani hii walilijua hili mapema sana. Mwezi Aprili 1969, Steve Crocker, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu pale UCLA, California, aliandika waraka wa kwanza katika mfululizo ujulikanao kama RFC, kifupi cha maneno yanayomaanisha "ombi la maoni". Yeye na wenzake walikuwa wanabuni namna kompyuta za mtandao wa ARPANET zingezungumza. Crocker amesimulia kwamba aliuandika usiku bafuni ili asiwaamshe wengine nyumbani. Walikuwa vijana, hawakuwa na mamlaka, na waliogopa kuonekana wanajifanya wakubwa. Ndiyo maana wakachagua jina la unyenyekevu: hatutoi amri, tunaomba maoni.

Linalonifurahisha zaidi ni kanuni waliyoiweka mwezi ule ule katika waraka wa 3: ni afadhali waraka uje kwa wakati kuliko uje umepigwa msasa. Hata maswali yasiyo na majibu yaliruhusiwa. Isomeni tena kanuni hiyo, enyi mnaongoja makala yenu yawe kamili ndipo myatoe! Mfululizo ulioanza na karatasi za wanafunzi wasiojiamini leo umepita namba 9,000, na humo ndimo zimo kanuni za intaneti unayoitumia kila siku.

Mfano wa pili ni Edsger Dijkstra, Mholanzi mwanasayansi wa kompyuta. Kwa zaidi ya miaka 40 aliandika nyaraka zake na kuzipa namba: EWD hii, EWD ile, kutokana na herufi za kwanza za majina yake. Nyingi aliziandika kwa mkono kwa kalamu ya wino, akatoa nakala, akawatumia wenzake kwa posta, nao wakawatolea wengine nakala. Alipofariki mwaka 2002 alikuwa amepita namba 1,300.

Ukisikia 1,300 unaogopa, sivyo? Sasa piga hesabu. Gawa kwa miaka 40 na ushee: unapata kama 30 kwa mwaka. Hiyo si kila siku. Si hata kila wiki. Ni waraka mmoja kwa siku 11 au 12 hivi, na baadhi ni vya kurasa chache tu. Kilichomfikisha huko ni kutokukatiza. Na ona vile vitu vyangu 2: namba inayofuata ilikuwa kengele yake, na wale wenzake waliopokea bahasha ndio waliokuwa wasomaji wake. Alijijengea shule yake mwenyewe, isiyo na mahafali.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani au Uholanzi kutafuta ushahidi. Januari 2008, nchi yetu ikiwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh aliandika mtandaoni akiuliza kama kuna mafundi wa kompyuta wangeweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali vurugu zinapotokea. Hakuandika tasnifu. Yalikuwa maneno machache, lakini yalifika kwa wakati na yalikuwa na wasomaji wake. Kutokana na wito huo ikazaliwa Ushahidi, programu ambayo mwaka 2010 ilitumika hata Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Msimbo ulifuata maandishi.

Najua kuna msomaji anayetabasamu pembeni. "Wewe bado uko huko? Tangu ChatGPT ije Novemba 2022, mashine inaniandikia. Nihangaike kwa nini?"

Mimi pia ninatumia mashine hizi kazini, na sina ugomvi nazo. Lakini rudi kwenye zile sekunde 90. Ipe mashine msimbo wote wa ile kampuni uiambie ieleze. Itakueleza kwa Kiingereza fasaha kwamba programu inasubiri sekunde 90. Hilo tulikuwa tunalijua. Kwa nini 90 na si 10? Itabahatisha, na ubahatishaji wake utapendeza kusoma kuliko ukweli. Sababu ambayo haikuandikwa na binadamu aliyeijua haimo ndani ya mashine yoyote. Kadiri maandishi ya mashine yanavyokuwa rahisi kupatikana, ndivyo linavyopanda thamani lile neno ambalo ni wewe tu uliyelijua kwa sababu ni wewe uliyekuwepo.

Kuna jambo jingine kuhusu mashine. Kuandika ni namna ya kufikiri. Mara ngapi umeanza kumweleza mwenzako hitilafu iliyokushinda, na kabla hujamaliza kueleza ukapata jibu mwenyewe? Ukiandika ndivyo inavyokuwa. Sentensi isiyokubali kukamilika inakuonyesha mahali usipoelewa. Ukiiachia mashine iikamilishe, sentensi itanyooka lakini shimo litabaki pale pale, safari hii likiwa limefunikwa majani.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Chuoni Kenya tunasoma sayansi ya kompyuta kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba wengi wetu tuliandika Kiswahili cha mfululizo mara ya mwisho katika ile Karatasi ya Kwanza ya kidato cha nne. Tuna mawazo ya mtu mzima, lakini Kiswahili chetu cha maandishi kimebaki kimevaa sare ya shule. Mtu akijaribu kueleza kazi yake kwa Kiswahili anakwama sentensi ya pili, anasingizia lugha: "Kiswahili hakina maneno."

Maneno yapo. Tulifundishwa tarakilishi na rununu. Watu mtaani wanasema kompyuta na simu, nami nasema kompyuta na simu, hakuna aliyekufa. Tuna hifadhidata, seva, tovuti, programu. Wanaotaka kusema "kodi" kwa maana ya msimbo wajihadhari tu: ukimwambia mama umekesha ukiandika kodi, atadhani umeajiriwa kukusanya ushuru.

Kinachokosekana ni mazoezi, na mazoezi hayo yana faida nisiyoitarajia mtu aniamini mpaka ajaribu mwenyewe. Jaribu kueleza fahirisi ya hifadhidata kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza ningetupa istilahi 3 nikaondoka, na hakuna angejua kama ninaelewa. Kwa Kiswahili ninalazimika kumfikiria mwenye duka mwenye daftari la madeni. Anaandika deni kwa tarehe, moja chini ya jingine. Siku akitaka kujua Mama Atieno anadaiwa kiasi gani, inambidi apekue daftari zima. Akichoka anatenga kurasa za nyuma, anapanga majina kwa herufi, na mbele ya kila jina anaandika namba za kurasa. Sasa kutafuta ni haraka. Lakini kila deni jipya anaandika mara 2: mbele na nyuma. Hiyo ndiyo fahirisi, faida yake na gharama yake! Inaharakisha kusoma, inachelewesha kuandika. Nimekutana na watu wenye shahada wanaoweka fahirisi kwenye kila safu ya jedwali kisha wanashangaa kwa nini programu yao inasuasua ikiingiza data. Mwenye duka asingeshangaa.

Kwa hiyo kurudi kuandika, kwa mtunga programu wa huku kwetu, si suala la nidhamu ya mtu binafsi peke yake. Kuna kijana wa kidato cha tatu leo anayetafuta maelezo ya jambo kama hili kwa lugha anayoota nayo, na anayoyapata ni machache. Hata hizo mashine tunazozisifu zilijifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Tusipoandika, zitaendelea kuzungumza Kiswahili kinachonuka tafsiri, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

Haya, maneno matupu hayavunji mfupa. Tufanyeje? Siwezi kukupa dawa ya kila mtu, lakini nakupa ninachofanya na sababu yake.

Kwanza, nimejiwekea kengele. Ijumaa, kabla sijafunga kompyuta kwenda nyumbani, naandika. Nimefunga kazi hii kwenye jambo ambalo lingetokea hata hivyo, kwa sababu Ijumaa haihitaji kukumbushwa. Dakika 20, zikiisha nimeisha.

Pili, namtaja msomaji. Juu kabisa ya faili naandika ninamwandikia nani: mwenzangu atakayerithi kazi hii, au binamu yangu aliyeanza chuo, au mimi mwenyewe wa mwaka ujao. Ukimwandikia "kila mtu" unaandika hotuba. Ukimwandikia mtu mmoja unaandika barua, na barua huwa na mwisho.

Tatu, maswali ni 3 tu, sibadilishi. Wiki hii nimegundua nini? Nimechagua nini, na kwa nini? Nini bado sikielewi? Swali la tatu ndilo lenye utamu, maana ndilo linalozaa maandishi ya wiki inayofuata.

Nne, kipimo ni kidogo. Maneno 200. Ukiandika 200 kwa wiki 50 umeandika 10,000 kwa mwaka, ambayo ni zaidi ya ripoti nyingi za mradi ninazozijua, na hakuna usiku hata mmoja uliokesha. Ni faili za maandishi ya kawaida, jina la faili ni tarehe, zinatunzwa na Git pamoja na kazi nyingine. Hakuna programu maalumu ya kununua. Jihadhari sana na siku utakayoanza kulinganisha programu za kuandikia. Siku hiyo hutaandika.

Tano, ukikosa wiki moja usilipe deni. Wanaojaribu kuandika za wiki 4 kwa siku moja ndio wanaoacha kabisa mwezi wa pili. Andika ya wiki hii, songa mbele. Dijkstra hakuandika kila siku, na bado alifika 1,300.

Na mwisho, angalau moja kati ya 4 mpe mtu asome. Si lazima dunia nzima. Mtu mmoja anayesema "hapa sijaelewa" ana thamani kuliko hamasa ya mwezi mzima, kwa sababu Ijumaa ijayo utajua kuna anayesubiri.

Ukiona orodha hii ni ya kitoto, ni kweli, ni ya kitoto. Ni kengele na mwalimu, vilevile tulivyoviacha shuleni, ila safari hii unavichagua mwenyewe na hakuna wa kukupa alama kwa kalamu nyekundu.

Leo ni siku gani huko uliko? Kama Ijumaa iko mbali, chagua nyingine. Fungua faili, andika tarehe, andika jina la mtu mmoja, halafu mweleze kitu kimoja ulichokijua wiki hii ambacho yeye hakijui. Kikichelewa kunyooka, mpe hivyo hivyo. Yeye anakisubiri wiki hii, si siku kitakapokuwa kamili.

Alamsiki.